Kisilu na Madirisha ya Chumvi

Jumamosi ya pumzi ilifanyika nyuma ya kanisa la mabati la Makongeni, saa nne asubuhi, na asikudanganye mtu kwamba ulikuwa mzaha. Mwanamume aliyewahi kuwa mlevi, kisha akataka kufunga ndoa ya kanisani, alisimama mbele ya Mzee Kaleli kila Jumamosi kwa mwaka mzima, akafungua mdomo na kumpumulia usoni: haaa! Mzee Kaleli alifumba macho, akaivuta ile hewa polepole, akaipa muda, kisha akaitikia kwa kichwa au akaguna. Akiitikia, unaenda nyumbani. Akiguna, unaanza mwaka upya. Pua yake ilifanya kazi miaka kumi na saba kwenye kiwanda cha ngozi, na badala ya kufa kama pua za wenzake, ilizidi kuwa kali. Walisema anaweza kunusa kaluvu, ile pombe ya miwa ya Ukambani, kwa mtu aliyeinywa juzi na kutafuna majani ya mpera jana.

Kisilu wa Kiilu alikuwa amepita Jumamosi arobaini na tisa. Zilibaki tatu. Baada ya hizo tatu, Wayua angevaa pete.

Na sikiliza vizuri hii pete ilikuwa na maana gani. Kisilu na Wayua walioana kwa mbuzi, mbuzi wakakubaliwa, wakaliwa, hakuna aliyebisha. Walikuwa na binti, Syombua, yuko darasa la tatu. Lakini kanisani mbuzi hawakutosha. Miaka kumi na mmoja, kila Jumapili ya meza ya Bwana, Wayua aliinuka katikati ya wimbo, akatoka, akakaa juu ya jiwe karibu na choo pamoja na wanawake wengine wasio na pete, akisikiliza wenzake wakiimba ndani. Kwa nini? Kwa sababu mumewe alikuwa mlevi, na kanisa lilisema halifungishi ndoa na chupa. Hakumlaumu hata siku moja. Afadhali angemlaumu! Alirudi nyumbani, akavua kitambaa cha kichwa, akakikunja vizuri, akasema, "Chakula kiko tayari, Baba Syombua," na Kisilu akatamani ardhi ipasuke immeze.

Jumapili moja ya mwaka wa 1957, akijikokota kutoka alikolala, Kisilu alipita nyuma ya kanisa akamwona. Mvua ilikuwa inanyesha. Wayua amekaa pale pale kwenye jiwe, amejifunika gunia, na anaimba. Hakumwona mumewe. Kisilu alisimama nyuma ya ua, maji yanamchuruzika shingoni, akalia kama mtoto. Siku hiyo ndiyo aliacha pombe, na Jumamosi iliyofuata akajipeleka mwenyewe kwa Mzee Kaleli.

Kazi aliipata Ruiru, ng'ambo ya reli, kwenye maabara ndogo iliyojengwa na wenye mashamba ya kahawa. Wenye mashamba walikuwa na swali moja: kwa nini punje ya kahawa, hata ukiianika juani wiki mbili, inayang'ang'ania yale maji ya mwisho? Wakamleta kutoka Ulaya mwanamke mmoja mrefu, mwembamba, mwenye jina la kuvunja ulimi, na wafanyakazi wakamwita Daktari Mwanzi. Daktari Mwanzi alilitazama swali lao, akasema ni zuri lakini limeanzia mwisho. Kabla ya kuuliza kwa nini maji yanang'ang'ania kahawa, sharti tujue kwa nini maji yanang'ang'aniana yenyewe kwa yenyewe. Wenye mashamba wakatazamana. Meli ilikuwa imeshamleta, wafanye nini?

Kisilu aliajiriwa afagie na kuosha vyombo. Siku ya tatu akakuta mezani vipande viwili vya mraba mfano wa vioo, vizito, upana wa kipande cha sabuni, vimefanya ukungu. Sasa, tangu aache pombe, Kisilu alikuwa hawezi kuvumilia kitu kichafu. Akatafuta karai, akatia maji ya moto, akavisugua kwa bidii yote. Vikateleza. Akasugua tena, vikawa vyembamba. Alipovisuuza, kiganjani alikuwa na vigae viwili kama peremende iliyonyonywa, na kabla hajapata hata nafasi ya kushtuka, navyo vikaenda.

Alitazama ndani ya karai. Akatazama chini ya karai. Akatazama nyuma yake, kama mtu aliyeibiwa sokoni. Mwishowe akalamba kidole.

"Asi!" alisema. "Chumvi!"

Daktari Mwanzi alimkuta bado ameduwaa, kidole mdomoni. Aliangalia karai, akaangalia meza tupu, akaketi chini sakafuni na koti lake jeupe, akacheka mpaka machozi, na yale machozi hayakuwa ya kicheko peke yake.

"Hii ilikuwa dirisha ya mashini yangu," alisema kwa kile Kiswahili chao cha shambani. "Mashini hapana taka glasi. Glasi nakamata mwanga. Chumvi nawacha yeye napita."

"Chumvi ya kula, Daktari?"

"Ya kula. Lakini wewe hapana kula."

Kisilu alijua kazi imekwisha, basi akaona hakuna cha kupoteza. "Daktari, kazi yako ni kuchunguza maji?"

"Ndiyo."

"Kwa dirisha la chumvi?"

"Ndiyo."

"Na maji yanakula chumvi?"

"Ndiyo, Kisilu," alisema Daktari Mwanzi, akijishika kichwa. "Sasa wewe naona kwa nini mimi nasema peke yangu usiku na mchana."

Kumbe kabatini kulikuwa na donge zima la chumvi safi, kubwa kama tofali, linang'aa kama barafu, ila hakuna aliyejua kulisugua likawa dirisha. Ulaya kulikuwa na mafundi wa hiyo kazi. Meli ya kwenda na kurudi ni miezi minne. Kisilu alilinyanyua lile donge, akaligeuza kwenye mwanga, na kitu kikamcheka moyoni. Yeye ni mtoto wa nyumba ya wachongaji. Babake alimfundisha kusugua twiga wa mti mpaka nzi akitua anateleza.

"Nipe wembe," alisema. "Na kitambaa laini."

Ukitaka kumjua Kisilu, ungemwona hapo. Aliugonga wembe taratibu juu ya donge, tak, tak, chumvi ikapasuka yenyewe kwa mstari ulionyooka. Akasugua kwa msasa laini, halafu kwa kitambaa chenye unga mwekundu, na mahali pa maji akatumia spiriti, ile ile ya kuwashia jiko la stovu, chupa baada ya chupa. Sheria zilikuwa mbili. Maji yasiguse. Na usipumue. Maana pumzi ya mtu ina maji ndani yake; ukilipumulia dirisha lililokwisha kung'aa, linashika ukungu ambao hautoki mpaka uanze tena. Kwa hiyo Kisilu alijizoeza kubana pumzi, kisha kugeuza uso begani na kuitoa huko pembeni, pfuu, mbali. Miezi ikapita, mazoea yakamwingia mwilini. Mtu akimsogelea uso, anabana pumzi na kugeuka, hata mwenyewe hajui.

Nawe umeshaanza kuona shida inakotoka.

Dirisha lake la kwanza lilipowekwa kwenye mashine, Daktari alimwita aje kuona. Mashine yenyewe ilikuwa sanduku refu lenye kalamu, na kalamu inachora mstari kwenye karatasi inayotembea. Ndani, mwanga wa moto usioonekana kwa macho unapita kwenye dirisha la chumvi, unapita kwenye dawa yenye chembe chache sana za maji, zisizotosha kula chumvi, unatokea upande wa pili. Kila chembe ya maji, Daktari aliiita molekuli, inatetemeka, na inameza mwanga unaolingana na mtetemeko wake. Mahali mwanga umemezwa, kalamu inashuka, inachora bonde.

"Huyu iko peke yake," alisema Daktari, akionyesha bonde jembamba. "Natetemeka mbio-mbio." Akaongeza maji kidogo. Kalamu ikashuka mahali pengine, bonde pana kidogo. "Huyu nashikwa mkono na rafiki. Natetemeka pole."

"Maji yanashikana mikono?"

"Kila siku. Kama hapana shikana, wewe hapana kunywa chai. Yote naruka juu kama hewa."

Kisilu alikaa juu ya ndoo. Miaka thelathini na minane anakunywa maji, anaoga maji, ananyeshewa na maji, hakuna mtu aliyemwambia kwamba yameshikana mikono. Furaha iliyompata hakuwa nayo hata siku za kaluvu. Daktari alikuwa na daftari lililojaa hesabu: amepiga kwa kichwa na kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, kwamba molekuli moja inamvuta mwenzake kwa nguvu kiasi fulani, na kama hesabu ni sawa, bonde la walioshikana sharti liangukie hapa, penye alama nyekundu. Lakini kalamu ilikuwa inaangukia pembeni. Ama hesabu ni mbaya, ama madirisha bado yana ukungu. Kisilu hakutaka yawe madirisha. Akasugua, akasugua, akanuka spiriti kuanzia kofia mpaka viatu.

Makongeni wakaanza kunong'ona. Kwanza harufu. Halafu maneno yake: mtu anasimama foleni ya bomba, anawaambia akina mama waliobeba ndoo, "Hayo maji mnayoyaona, yameshikana mikono!" Huyo si mlevi ni nani?

Jumamosi ya hamsini, Mzee Kaleli akamsogelea, akafumba macho, akasema, "Pumua." Na Kisilu, Mungu amsamehe, akabana pumzi, akageuza uso begani, pfuu, akapumua kando.

Mzee Kaleli alifungua jicho moja. "Umenificha pumzi?"

"Hapana, mzee! Ni kazi."

"Kazi gani ya kuficha pumzi?"

Akajaribu mara ya pili, akageuka tena. Mara ya tatu alijishika taya kwa mikono yote miwili akapumua mbele kama anavyotakiwa, lakini mikono yenyewe ilikuwa imelowa spiriti ya wiki nzima, na pua ya Mzee Kaleli ikarudi nyuma hatua mbili pamoja na mwenyewe. Hakuguna, wala hakuitikia. Alisema tu, "Tutakuangalia," na hilo lilikuwa baya kuliko kuguna.

Nyumbani Wayua alikuwa ameshasikia. Nguo nyeupe ilikuwa imening'inia ukutani, imeshonwa na jirani yao Nakhumicha, mama wa Kibukusu mwenye cherehani na sauti ya kuita watu wa ng'ambo ya mto. Tangazo la ndoa lilikuwa limesomwa Jumapili moja. Kesho yake lingesomwa la pili. Likisomwa la tatu, ni harusi.

"Baba Syombua," alisema Wayua, bila kumwangalia, "niambie kweli."

"Sijaonja hata tone! Ni spiriti ya kusugulia dirisha. Dirisha la chumvi. La kuona maji yakishikana..."

"Mikono," alimalizia Wayua. "Nimesikia kule kwa bomba." Akainua macho, na ndani yake Kisilu akaliona lile jiwe la karibu na choo. "Ningependa kukuamini. Lakini dirisha la chumvi, jamani? Ungenidanganya kwa kitu cha akili kidogo."

Wiki hiyo alimpikia muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, bila chumvi. Usidhani ni hasira tu. Chumvi ilikuwa imekwisha kweli. Jumatano Nakhumicha alikuja kuomba kijiko kimoja, Wayua akampindulia mkebe mbele ya macho yake: tupu. Kisilu, aliyeshinda akisugua chumvi kutwa, akala chakula kama udongo.

Halafu ikaja Alhamisi. Kisilu aliweka dirisha jipya, safi hata ukilitazama hulioni. Daktari akatia maji yake. Kalamu ikatembea, ikatembea, ikashuka, na ikashukia juu ya alama nyekundu kabisa. Daktari Mwanzi alipiga yowe. Akamshika Kisilu mikono, wakazunguka ile meza mara tatu, wakiruka kama watoto wa nasari, chupa zinacheza rafuni. "Yameshikana!" Kisilu alipaza sauti. "Kama daftari lilivyosema!" Alipanda baiskeli akiimba. Njia nzima ya kutoka Ruiru aliimba. Kwenye kizuizi cha polisi pale Juja askari alimnusa, akakagua kitabu chake cha njia, kile cha ruhusa ya kusafiri, akamwambia aende tu maana wimbo ni mzuri. Na alipoingia Makongeni, mikono yote miwili hewani, akiimba yameshikana, yameshikana, gurudumu likamteleza akatumbukia mtaroni, mbele ya mlango wa Mzee Kaleli, akacheka huko huko ndani.

Mzee Kaleli alisimama juu ya mtaro. Alinusa mara moja.

"Jumamosi tutakuja kwako, mimi na Mzee Absalom," alisema. "Uwe na jibu. Kama huna, Jumapili tangazo la tatu halitasomwa."

Hapo kicheko kilikwisha. Ijumaa alimweleza Daktari yote, hata habari za jiwe. Daktari hakucheka. Alifungua kabati, akatoa dirisha moja lililopasuka pembeni, lisilofaa tena kazini, akalitia ndani ya chupa yenye mfuniko mkubwa na punje za kukausha hewa. "Peleka," alisema. "Mzee nalamba, naamini."

Kisilu alifika nyumbani akaiweka chupa juu ya kabati, akasema, "Mama Syombua, kesho usiguse kitu hicho," na kwa kuwa siku hizo Wayua alikuwa hamjibu, hakujua kama amesikia.

Hakuwa amesikia. Au alisikia, lakini mwanamke anayetembelewa na wazee wa kanisa haachi kitu bila kuosha. Jumamosi asubuhi Kisilu alipokwenda kuazima viti, Wayua alifagia, akapiga deki, akaosha vikombe, madirisha, na miguu ya meza. Alipofika juu ya kabati akafungua chupa. Ndani kuna kioo chekundu-chekundu, kina vumbi la kazi. Hata kioo cha kudanganyia watu, aliwaza, kioneshwe kikiwa safi. Akakitumbukiza kwenye sufuria ya maji masafi uchafu ulainike, akatoka kuanika matambara.

Nakhumicha, aliyekuja kusaidia, aliingia jikoni akaona sufuria ya maji imetengwa tayari. Wazee wameshaonekana wakija barabarani! Akaibandika motoni bila kuuliza, akatia majani, maziwa, na sukari ya kutosha wageni, akakoroga kwa nguvu zake zote za Kibukusu.

Wazee waliketi. Wayua alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani. Chai ikamiminwa. Mzee Absalom, mtu wa magharibi, kiongozi wa kwaya, mpole, mwenye heshima zake, alipokea kikombe akashukuru.

"Kisilu," alianza Mzee Kaleli, "tumekuja kwa upendo. Toa jibu lako."

"Ninalo, mzee! Dirisha ninalosugua ni chumvi tupu. Utalilamba mwenyewe." Kisilu aliinuka, akafika kabatini, akaichukua chupa. Ilikuwa tupu, imeoshwa, inanukia sabuni. "Mama Syombua! Kile kioo?"

"Nimekiloweka," alisema Wayua. "Kwenye sufuria."

"Kwa maji?"

"Utaloweka kitu kwa nini kingine?"

Kisilu aliingia jikoni mbio. Sufuria zote zilikuwa kavu, zimepangwa ukutani, isipokuwa ya chai. Akarudi ameshika kichwa. Ushahidi wake wote umekwenda kule kule yalikokwenda yale madirisha ya kwanza, na safari hii hakuna donge kabatini. Wayua alimwona. Miaka kumi na mmoja hakuwahi kumwona mumewe na sura ile akiwa hajanywa, na hapo ndipo alipoanza kuogopa kwamba labda alikuwa anasema kweli.

Mzee Kaleli akashusha pumzi. "Basi hakuna kioo." Kwa huzuni akachukua kikombe chake, akapiga funda kubwa.

Uso wake ulijikunja wote. Macho yakamtoka. Akameza kwa shida, kwa ajili ya adabu, akaweka kikombe chini pole pole.

"Mama," alisema, "kwenu mnatia chumvi kwenye chai?"

"Chumvi?" Nakhumicha alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Chumvi gani na nyumba hii haina chumvi tangu Jumatano? Nilikuja kuomba nikanyimwa! Mkebe uliinamishwa mbele yangu! Kwangu pia hakuna. Leo watoto wamekula ugali na mboga chapwa!"

"Nimeonja mwenyewe, dada. Ni chumvi."

"Hiyo chai nimepika mimi! Nimetia majani, maziwa na sukari. Nimekuta maji kwenye sufuria, hii hapa, na..."

"Kwenye sufuria gani?" aliuliza Wayua, taratibu sana.

Nakhumicha akaionyesha.

Wayua alisimama. Alikiendea kikombe cha Mzee Kaleli, bila hata kuomba ruhusa, akaonja. Alisimama hivyo, kikombe mkononi, akimtazama Kisilu. Halafu bega moja likaanza kumtikisika, likafuata la pili.

"Mmekunywa dirisha," alisema, na kicheko kikamtoka kwa kishindo, akalazimika kushika meza. "Wazee wangu, mmekunywa dirisha la Baba Syombua!"

Nakhumicha akapiga ukemi wa kwao. Kisilu akacheka, akalia, akacheka tena. Mzee Kaleli alikiinua kikombe usawa wa pua, akafumba macho, akakivuta kama anavyovuta pumzi za watu. Alipofumbua, masharubu yalikuwa yanacheza.

"Halina kaluvu," alitoa hukumu. "Kisilu, njoo."

Kisilu alikwenda. Alitaka kugeuka, Mzee Kaleli akamshika masikio yote mawili kama mbuzi na kumwelekeza mbele. "Haaa!" Safari hii mzee hakuangalia mikono wala koti, alijua harufu ile ni ya nini, akatafuta iliyobaki chini yake. Palikuwa na muthokoi wa jana, tena chapwa. Akaitikia kwa kichwa.

"Absalom," alisema, "umeona maajabu haya?"

Mzee Absalom alikuwa ameshika kikombe kitupu, kimekauka mpaka chini. "Mimi nilidhani ndivyo Wakamba wanavyokunywa," alisema. "Sikutaka kuwavunjia heshima." Hapo hata Mzee Kaleli alishindwa, akateleza kwenye kiti.

Jumapili tangazo la tatu likasomwa, na Jumamosi iliyofuata kanisa la mabati lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Daktari Mwanzi alikuja na kofia pana, akaketi nyuma, na zawadi aliyoleta ni ile karatasi ya Alhamisi, imekunjwa kwa utepe. Wayua aliingia na nguo nyeupe ya Nakhumicha. Hakuwa na haraka. Alipopita kwenye mlango wa nyuma, ule alioutokea miaka yote, aliutazama kidogo akaendelea mbele.

Wakasimama uso kwa uso. Mchungaji akamwambia Kisilu amshike bibi harusi mkono, kisha arudie maneno baada yake. Mkono wa Wayua ulikuwa unatetemeka mbio-mbio. Kisilu akaushika kwa vile vidole vyake vilivyopasuka kwa chumvi, akaangalia uso ule uliokuwa karibu yake, safi, unang'aa, hauna hata doa, na jamani, mazoea ni kitu kibaya. Akabana pumzi. Akageuza uso begani.

Kanisa likashtuka, "Haiya!" Mchungaji akashusha kitabu. Mzee Kaleli akainuka nusu. Kisilu mwenyewe alijiona alivyofanya, akataka kurudi, shingo ikakataa.

Wayua hakuuachia mkono wake. Kwa mkono wa pili alimshika kidevu, akamgeuza polepole mpaka pua zao zikakaribia kugusana.

"Pumua, Kisilu," alisema, na waliokuwa mbele wote wakasikia. "Mimi siyeyuki."

Naye akapumua.